Hesabu za Fundi Huanzia Shule ya Msingi

Utangulizi

Kila mwanzo wa mwaka walimu wa vyuo vya ufundi stadi hulalamika kwamba vijana wanaopokelewa hawajui hesabu. Mwalimu wa useremala husema hawajui kusoma futi. Mwalimu wa uashi husema hawajui uwiano. Mwalimu wa ushonaji husema wakipewa kipimo cha kiuno hawajui waanzie wapi. Lawama hizo hupelekwa shule ya sekondari, nayo sekondari huzirudisha shule ya msingi, na shule ya msingi huwatupia wazazi. Wakati lawama zinazunguka hivyo, kijana amesimama karakanani, mbao mbele yake na msumeno mkononi, na hajui akate wapi.

Sisi tunaofundisha hisabati katika chuo cha ualimu tumepata pia nafasi ya kufundisha hesabu za msingi, nyakati za jioni, kwa vijana wanaojifunza ufundi. Asubuhi tunawaandaa walimu wa watoto. Jioni tunakutana na waliokwisha kupita mikononi mwa walimu wa watoto. Kazi hizo mbili zimetupa maoni ambayo tungependa kuwaeleza wanachuo wasomao jarida hili. Maoni yenyewe ni haya: kijana wa ufundi aghalabu hakukosa kanuni. Alipewa kanuni nyingi, tena mapema mno, kabla hajapima kitu chochote kwa mkono wake. Kwa hiyo dawa ya tatizo lake haina budi kuanzia katika madarasa ya chini, ambako ninyi mnakwenda kufundisha.

Jambo hili si dogo. Tangu mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa, taifa letu limekuwa likisema kwamba shule ya msingi imwandae mtoto kwa maisha na kazi. Sheria ya mwaka 1994 ikaanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Maana yake ni kwamba miongoni mwa watoto utakaowakuta darasa la tatu wamo mafundi wengi wa kesho. Hesabu utakayowafundisha ndiyo watakayoingia nayo karakanani.

Makosa matatu tunayoyaona

Kosa la kwanza ni la kusoma kipimo. Kijana huweka ncha ya mbao kwenye alama ya 1 ya rula badala ya 0, akasoma sentimeta 41 mahali penye 40. Mwingine huhesabu vistari badala ya kuhesabu nafasi zilizo baina ya vistari. Chanzo chake si kigumu kukitambua. Kwa miaka mingi kijana huyo alipima mistari iliyochorwa kitabuni, ambayo yote ilianzia kwenye 0 bila yeye kuiweka hapo. Hakupata kupima dawati, wala mlango, wala urefu wa mwenziwe, na hakuwahi kupewa rula iliyovunjika ncha akaulizwa afanyeje. Mafundi husema mbao ikikatwa pungufu haiungiki. Katika daftari kosa la sentimeta 1 hufutwa kwa kifutio. Katika mbao hulipiwa fedha.

Kosa la pili ni la sehemu. Ingawa vitabu vyetu vya hisabati hutumia meta na sentimeta, mbao zinauzwa bado kwa inchi, na mafundi cherehani wengi hupima kwa inchi vilevile. Inchi hugawanywa katika nusu, robo, sehemu za nane na za kumi na sita. Ukimwuliza kijana nusu inchi na robo inchi jumla yake ni ngapi, wapo wanaojumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, wakapata 2/6. Hawashtuki kwamba 2/6 ni theluthi, na kwamba theluthi ni ndogo kuliko nusu waliyoanza nayo. Wengine husema 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 4. Kwao sehemu ni namba mbili zilizopangwa juu na chini ya mstari, basi. Haijawahi kuwa kipande cha kitu.

Kosa la tatu ndilo zito zaidi, nalo ni la uwiano. Zege la kawaida huchanganywa kwa uwiano wa 1:2:4, yaani saruji kipimo 1, mchanga vipimo 2, kokoto vipimo 4. Tuchukue kundi la mafundi wanaochanganya karai 2 za saruji, 4 za mchanga na 8 za kokoto. Saruji inakaribia kwisha, imebaki karai 1 tu. Kijana anafikiri hivi: saruji imepungua 1, basi na mchanga upungue 1, na kokoto zipungue 1. Anachanganya 1:3:7. Hebu tuhesabu. Katika mchanganyiko sahihi, kila karai ya saruji inashika karai 6 za mchanga na kokoto. Katika mchanganyiko wake, karai hiyo moja inashika karai 10. Zege hilo litakauka, litapigwa lipu na kupakwa rangi, na hakuna atakayelitambua kwa macho. Lakini ni zege dhaifu, na pengine ni nguzo ya darasa.

Kijana huyo si mjinga, wala si mvivu. Anajua kutoa. Asilolijua ni kwamba uwiano hulindwa kwa kuzidisha na kugawanya, wala haulindwi kwa kuongeza na kutoa. Kosa hilohilo huonekana anapopima msingi wa nyumba. Mafundi wetu hupata pembe mraba kwa kupima sentimeta 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, kisha huhakikisha kwamba kutoka ncha hadi ncha ni 100. Kipimo hiki ni sahihi, kwa sababu 60 mara 60 ni 3,600, na 80 mara 80 ni 6,400, na jumla yake ni 10,000, ambayo ni 100 mara 100. Ni 3, 4 na 5 kila kimoja mara 20. Lakini kijana aliyekariri tu 3, 4, 5, akitaka pembe kubwa kidogo, huongeza 1 kila mahali akapata 4, 5, 6. Pembe hiyo haifiki nyuzi 83, na nyumba itakayojengwa juu yake itapinda.

Ujuzi uliopo na daraja linalokosekana

Yafaa tusidhani kwamba vijana hawa hawana hesabu kabisa. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Brazili, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto 5 wenye umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza vitu katika mitaa ya mji wa Recife. Watoto hao walipoulizwa bei na chenji wakiwa sokoni, walijibu sawasawa karibu maswali 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu za namna hiyohiyo kwenye karatasi, kwa tarakimu tupu, walipata kama 37 tu katika kila 100. Watoto walikuwa wachache, lakini jambo lenyewe kila mwalimu aliyemtuma mwanafunzi dukani analifahamu. Mtoto ana hesabu yake, na shule ina hesabu yake, na baina ya hizo mbili daraja halijajengwa.

Hapa jirani, nchini Msumbiji, Paulus Gerdes, aliyeishi tangu 1952 hadi 2014, alieleza jinsi wajenzi wa vijijini wanavyopata msingi wa mstatili bila skwea. Huchukua kamba mbili zenye urefu sawa, huzifunga pamoja katikati, kisha huzivuta mpaka zikaze. Ncha 4 za kamba hizo ni pembe 4 za nyumba. Ndani ya kamba hizo mna hisabati kamili: mishazari ya mstatili ni sawa, nayo hugawana nusu kwa nusu. Mjenzi anaijua kwa mikono. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha mtoto kwamba jambo analoliona uani kwa babu yake ndilo lililoandikwa kitabuni.

Lugha nayo ni sehemu ya daraja hilo. Kitabu husema pembe mraba, fundi husema skwea. Kitabu husema mstari wima, fundi hushusha timazi. Kitabu husema ulalo, fundi huweka pima maji. Mwanafunzi aingiapo karakanani hudhani amekutana na elimu mpya, kumbe ni ileile imevaa kanzu nyingine. Mwalimu ayataje majina yote mawili tangu mwanzo. Tena Kiswahili kina majina mazuri ya sehemu, yaani nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, thumni na ushuri, ambayo yanamsaidia mtoto kuiona sehemu kama kitu kimoja chenye jina lake.

Hoja za wasiokubaliana nasi

Wapo wasemao kwamba fundi hahitaji kuelewa. Apewe kanuni chache za kazi yake, azikariri, atoshe. Hoja hii inavutia kwa sababu inaokoa muda. Lakini kanuni iliyokaririwa hufaa kwa kazi ile iliyokaririwa tu. Aliyezoea 1:2:4 siku moja ataambiwa achanganye 1:3:6 kwa zege la chini ya msingi. Aliyezoea bati za urefu fulani ataletewa za urefu mwingine. Kazi ya fundi haikai mahali pamoja, na mwenye kanuni bila maana atabaki kibarua wa anayeelewa. Kumnyima kijana maelewano kwa kisingizio kwamba yeye ni mtu wa mikono ni kumgawia nafasi ya chini kabla hajajaribu.

Wengine husema siku hizi kila mtu ana kikokotoo ndani ya simu yake. Ni kweli, na hatuna ugomvi na kikokotoo. Hata hivyo tuangalie mfano huu. Chumba ni meta 4 kwa meta 3, na marumaru ni za sentimeta 30 kwa 30. Kijana anabonyeza 4 mara 3 gawanya kwa 30, anapata 0.4, na anaandika: marumaru 0.4. Chombo hakikukosea, kilijibu alichoulizwa. Aliyefundishwa kukadiria angesema kwanza kwamba meta 1 huchukua marumaru 3 na kitu, basi meta 1 ya mraba huchukua kama 11, na chumba chenye meta 12 za mraba kitahitaji zaidi ya 130. Akishapata hivyo, kikokotoo kitamwambia ni 133 na kidogo, naye ataagiza na za akiba kwa zitakazovunjika. Bila makadirio, kijana huyo hawezi hata kumtajia mwenye nyumba bei isiyomtia hasara.

Somo moja la mfano

Tueleze somo moja kwa kirefu, kwa kuwa njia huonekana vizuri katika kazi kuliko katika maneno. Somo hili ni la vijana wa ushonaji wanaotaka kukata sketi ya duara. Wengi wao waliwahi kukariri kanuni ya mzingo wa duara, na wengi wameisahau. Mwalimu asiiandike ubaoni mwanzoni. Na awagawie vijana uzi na vitu vya duara vinavyopatikana, kama kopo, sahani, ndoo na mfuniko wa sufuria. Kila kundi lipime mzingo, lipime kipenyo, kisha ligawanye mzingo kwa kipenyo. Majibu yakiandikwa ubaoni, wote wataona kwamba sahani na ndoo, ingawa hazilingani, zimetoa jibu linalokaribiana, yaani 3 na kitu. Kundi lililopata 2 au 5 litarudi kupima lenyewe bila kukemewa. Hapo ndipo mwalimu aseme kwamba jibu hilo lina jina, ni pai, na kwa kazi zetu 22/7 inatosha.

Sasa kiuno cha mteja ni sentimeta 66. Kabla ya kukokotoa, kila mmoja akadirie kipenyo cha tundu la kiuno. Theluthi ya 66 ni 22, na kwa kuwa pai inazidi 3, kipenyo kitapungua kidogo kuliko 22. Wakikokotoa watapata 21, hivyo nusukipenyo ni sentimeta 10.5. Kisha mwalimu aulize swali hili: mshono wa kiuno unakula sentimeta 1, je, tutakata kwenye 11.5 au kwenye 9.5? Wengi watasema 11.5, maana wamezoea kwamba nafasi ya mshono huongezwa. Mwalimu asiwasahihishe. Awape magazeti ya zamani, wakate kwa vipimo vyote viwili, wakunje sentimeta 1 kuzunguka tundu na kupima palipokunjwa. Wataona wenyewe kwamba mstari wa kushona uko nje ya ukingo wa tundu, kwa hiyo kitambaa hubakishwa kwa kulipunguza tundu. Jibu ni 9.5. Gazeti limeharibika, kitambaa cha mteja kimepona.

Katika somo hilo hatua ni nne: kukadiria, kupima, kukokotoa na kuhakiki. Kanuni imo, lakini imekuja baada ya kipimo. Fauka ya hayo, kijana hakurudishwa kwenye kitabu cha darasa la nne mbele ya wenzake. Vijana wa ufundi wengi wameshabeba aibu ya hesabu kwa miaka mingi, na mwalimu anayewafungulia kitabu cha watoto huongeza aibu hiyo. Akianza na sketi, au zege, au nyaya za umeme, atawafundisha sehemu zilezile za darasa la nne kwa heshima ya mtu mzima.

Yanayowezekana shule ya msingi

Wanachuo huenda wakasema: hayo ni ya karakana, sisi tutakuwa na darasa la watoto 80 na ubao mmoja. Hatupuuzi ugumu huo, wala urefu wa muhtasari, wala mitihani iliyo mbele. Lakini kazi hizi zinawezekana hata hapo.

Kwa kipimo, katika watoto 80 makundi ya 8 ni makundi 10, nayo yanahitaji kamba 10 za meta 1, zilizotiwa alama na watoto wenyewe. Kila kundi likadirie upana wa mlango kabla ya kupima, kisha lipime kuanzia 0, na mara nyingine kuanzia 10, ili lijue kwamba kipimo ni nafasi iliyo baina ya alama mbili.

Kwa sehemu, kila mtoto akunje ukanda wa karatasi mara 1, mara 2, mara 3, mara 4, naye atapata nusu, robo, thumni na sehemu za kumi na sita. Ukanda huo ni inchi ya seremala iliyokuzwa. Mtoto aliyeushika hatasema tena kwamba thumni ni kubwa kuliko robo.

Kwa uwiano, jiko la nyumbani latosha. Mchele kikombe 1 hupikwa kwa maji vikombe 2. Waulize watoto: kwa mchele vikombe 3, maji vikombe vingapi? Atakayejumlisha atasema 4, na wenziwe wanaosaidia kupika watamcheka, kwa kuwa wanajua wali huo hautaiva. Waache wabishane. Ubishi huo ndio mahali pa kufundishia kuzidisha, miaka mingi kabla mtoto hajashika karai la zege.

Kwa pembe, kamba yenye vifundo 12 vilivyoachana sawasawa, ikiungwa ncha kwa ncha na kuvutwa kwa nafasi 3, 4 na 5, hutoa pembe mraba uwanjani. Kisha wajaribu kamba ya nafasi 15, kwa 4, 5 na 6, waone wenyewe inavyopinda.

Ni kweli kwamba kipindi cha kupima hula muda kuliko kipindi cha kunakili mifano ubaoni. Lakini muda tunaouokoa darasani hudaiwa baadaye karakanani, na anayeulipa ni kijana, kwa mbao yake, kitambaa chake na jina lake kwa wateja.

Hitimisho

Mazoezi ya kufundisha yako mbele yenu. Tunawaomba kila mmoja, anapotayarisha andalio la somo la vipimo, sehemu au uwiano, ajiulize swali moja kabla ya kuandika mifano: katika kipindi hiki mtoto atapima nini, na kwa mkono gani? Kama hakuna jibu, andalio hilo halijakamilika, hata likiwa limeandikwa vizuri namna gani. Na wakati wa mapumziko tembeleeni seremala, mwashi au fundi cherehani aliye karibu na shule, mkae naye saa moja, mwandike hesabu zote anazozifanya na maneno anayozitajia. Leteni orodha hizo chuoni mtakaporudi. Zikikusanywa pamoja, zitatupa mifano ya kufundishia iliyo bora kuliko mingi tuliyoizoea.